Mfupa wa Shule ya Kunguruma

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa, visima vikabaki tope, maji yakapatikana mahali pamoja tu: ndani ya ua wa shule ya bweni ya Simba. Sharti lake lilikuwa dogo, alisema, watoto wote wangurume. Kulia kwa lugha ya nyumbani ni ushamba.

Aliyenguruma vizuri alikunywa kwanza. Aliyeteleza akalia kama mama yake alivishwa mfupa shingoni, auvae mpaka amnase mwingine aliyeteleza, na jua likizama anao, alale nje ya ua. Huko nje alilinda Fisi, kiranja wa bweni, mpole sana, mwenye kitambi katikati ya njaa ile. Baadhi ya waliolala nje hawakuonekana asubuhi. "Wamehama shule," alisema Fisi, na Simba, aliyependa kusikia sauti yake tu, akaridhika.

Siku ya wazazi, Swala akamkuta mwanawe na mfupa shingoni, jua limeshainama.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nilijikwaa, mama, nikakuita."

Swala akamkimbilia Sungura, mzazi mwenzake. "Kaka, nisaidie, huyu leo analala nje, na Fisi tangu asubuhi anamtazama mapaja."

"Tulia, dada. Ngoja nikampongeze kiranja."

Fisi alikuwa amesimama kando ya Simba kwa adabu zote. Sungura akamnong'oneza, "Hongera, bwana kiranja. Nasikia kesho ua unabomolewa. Watoto wote watalala kwako."

Fisi alijikaza, akabana mdomo, mate yakamtoka, kisha kikamponyoka kile kicheko cha ukoo wake, kirefu, mpaka wazazi wote wakageuka.

"Huyo hapo," mtoto wa Swala akanguruma, vizuri kuliko siku zote.

"Mkuu, lakini mimi ni kiranja," Fisi akasema.

"Basi uwe mfano," Simba akajibu, maana wazazi walikuwa wanatazama.

Mfupa ukahamia shingoni kwa Fisi, chini kidogo tu ya meno yake. Jua lilipozama ilibaki kamba.

"Mfupa wa shule uko wapi?" Simba akauliza.

Fisi akameza.

Watoto kupotea Simba aliweza kuvumilia, lakini mali ya shule kuliwa, hapana. Alimfukuza Fisi hadi ng'ambo ya vilima. Na kwa kuwa mfupa haukuwepo, jioni ile watoto walikunywa maji huku kila mmoja akilia kama kwao, Simba akasema mngurumo umeimarika.

Hadi leo Swala akisikia shule inasifiwa, huuliza kwanza kiranja wa bweni anakula nini.