Shimo la Njia ya Nzega

Shimo ulilokwepa kimya, umemchimbia wa nyuma.

Haya, cheka tena, Sayi. Nimewasikia kutoka jikoni. Umemwona mbwa wa jirani amefunguliwa, umepita pembeni salama salimini, halafu ukamwacha dada yako apite hapo hapo. Kabula amerudi anahema, kandambili moja mguuni, akakutupia methali hiyo, na wewe unagaragara kwa kicheko. Sasa mnaniuliza imetoka wapi, ati mwalimu wenu anasema ni maneno ya wahenga. Wahenga gani? Mhenga mwenyewe ni mimi, Nkwimba, bibi yenu. Na siku niliyoisema sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na damu mdomoni na hasira hadi kichwani.

Kaeni chini. Baiskeli zenu mtazipiga grisi baadaye, safari yenu ni kesho. Nikianza, msinikatize.

Miaka hiyo barabara ya kutoka hapa Shinyanga kwenda Nzega ilikuwa ya changarawe. Kilikuwepo chama cha waendesha baiskeli hapa mtaani, wanaume kumi na wawili, kiongozi wao Mzee Mayunga, mtu mrefu, mkali, asiyependa maneno. Kila mwaka kabla ya msimu wa kulima walikwenda Nzega, kilomita themanini na ushei, wakalala huko, kesho yake wakarudi. Mwanamke hakuwahi kwenda nao hata mmoja. Si kwamba walikatazwa, la. Hakuna aliyewahi kuomba, na wao hawakuwahi kukaribisha.

Mimi nikaomba. Msidhani nilikwenda kutafuta sifa. Nilikuwa na watoto wawili, mmoja ndiye mama yenu, na mume aliyekwenda machimboni akasahau njia ya kurudi. Zahanati yetu ilikuwa inatafuta mtu wa kuzungukia vijiji, kupima watoto na kuangalia wanawake waliojifungua. Kazi yenyewe ilikuja na baiskeli. Nikaenda kwa mganga wa zahanati, Bwana Lugata. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Dada, vijiji vingine viko mbali. Nikikupa baiskeli ukaanguka nayo porini na dawa za watoto, nitamweleza nani? Niletee barua ya Mzee Mayunga kwamba umekwenda Nzega na kurudi na baiskeli kwa miguu yako mwenyewe. Vinginevyo nafasi nampa yule kijana wa Old Shinyanga, anasubiri."

Basi. Barua ile ndiyo ilikuwa ugali wa watoto wangu. Hilo mlishike, mengine yote ni barabara tu.

Mzee Mayunga hakukataa. Alisema, "Njoo Jumamosi alfajiri. Mgeni hukaa mkia. Ukikaa katikati ukayumba, utatuangusha wote." Sikubishana naye, kila nyumba ina sheria zake. Nikaazima baiskeli ya kaka yangu, nikaenda.

Sasa sikilizeni jinsi walivyokuwa wanakwenda, maana ninyi kesho mtakwenda hivyo hivyo. Mnakwenda mstari mmoja. Wa mbele anakata upepo, wengine mnajificha nyuma yake, tairi lako na la mwenzako yameachana shubiri mbili tu. Ukiwa humo huioni barabara, unaona mgongo wa mtu. Kwa hiyo macho yako ni mdomo wa aliye mbele yako. Kiongozi akiona shimo anapaza sauti: "Shimo kulia!" Wa pili anamwambia wa tatu, wa tatu anamwambia wa nne, na kila mmoja anakwepa akisema, mpaka neno lifike mwisho.

Na mbele yangu mimi alikuwa Luhende. Luhende alikuwa mkia wa chama kile miaka tisa. Ndiye aliyebeba pampu na viraka, akakaa nyuma ili awaokote waliopata pancha. Watu walimsifu, Luhende mtu mwema, Luhende hamwachi mtu njiani. Hata mimi nilipoambiwa nikae nyuma yake nilishukuru Mungu.

Tulikwenda vizuri mpaka Tinde. Tukanywa chai, tukala viazi, Mzee Mayunga akaniangalia akasema, "Kumbe unaweza." Nikavimba kichwa kidogo, sitawadanganya. Tukaendelea. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa laini, na kila shimo limejaa maji mekundu, huwezi kujua lipi ni la vidole na lipi ni la goti.

Mbele nilisikia sauti, mbali. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ubavuni, maneno yakapeperuka. Nikakaza macho kwenye mgongo wa Luhende nikisubiri aseme. Hakusema. Mgongo ukahama kushoto ghafla, na pale ulipokuwa mgongo pakawa na maji.

Sikuruka, nilirushwa. Nilitangulia mdomo. Meno haya mawili mnayoniuliza kila siku yalikwenda wapi, yako huko, zaidi ya Tinde. Kidevu kilipasuka, kiganja kikavimba, na gurudumu la mbele la baiskeli ya kaka yangu likakunjika kama chapati.

Luhende alisikia kishindo, akapiga kelele, wote wakarudi. Wakanizunguka wamesimama, mimi niko chini. Na mnajua neno la kwanza lililosemwa pale? Si "pole." Makoye, aliyekuwa mbele ya Luhende, alisema, "Huyu alilala."

Mwingine akasema, "Nilijua tu."

Mzee Mayunga akasema, "Binti, shimo lilitajwa. Nimelitaja mwenyewe. Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Sikusikia kitu," nikasema.

"Wenzako kumi na mmoja wamesikia." Akageuka akaangalia barabara tuliyotoka. Lori lilikuwa linasikika, linakuja. "Lile likifika tutalisimamisha, wewe upande. Barua nitaandika ilivyotokea, kwamba umeanguka. Mwakani ujaribu tena."

Mwakani! Watoto wangu wale nini mpaka mwakani, changarawe? Na Luhende yuko wapi? Luhende ameinama pale pale karibu yangu, ananifunga kidevu kwa kitambaa chake, mpole. Na mdomo wake ameufunga. Anasikia naitwa mlalaji, anasikia barua inavyoandikwa, na amefunga mdomo.

Nilitaka kulia. Lakini nilikuwa nimelala shavu chini, na shavu likiwa chini, macho yanaona mambo ya chini. Nikaona alama za matairi. Zote zimekuja zimenyooka, halafu hatua tatu kabla ya shimo zikapinda kushoto kwa pamoja, taratibu, kama za watu walioambiwa mapema. Isipokuwa mbili. Moja ilikuwa juu ya nyingine zote, yenye vishale, nayo ilipinda ghafla ukingoni kabisa. Nyingine haikupinda hata kidogo. Hiyo ni yangu.

Nikainuka kwa magoti. "Ondoeni miguu yenu! Msikanyage hapo! Lori halijafika, njooni muone!"

"Binti, tulia," akasema Mzee Mayunga.

"Sitatulia! Njoo uone, mzee, una macho. Hizi zote zimepinda, hii yangu haikupinda. Mimi ni kipofu? Nimetoka nyumbani hadi hapa nakwepa mashimo yote, nikaja kulichagua hili moja? Na hii yenye vishale ni ya nani?"

Wote wakamgeukia Luhende. Hakukuwa na haja ya jibu. Tairi lenye vishale lilikuwa moja tu pale, na kila mtu alimjua mwenyewe.

Mzee Mayunga akachuchumaa, akaangalia kwa muda. Kisha akasema, "Makoye, ulimwambia Luhende?"

"Nilimwambia. Akanijibu 'haya.'"

"Luhende. Ulimwambia huyu?"

Luhende aliangalia chini. Akasema polepole, "Miaka tisa mimi ndiye mkia, mzee. Neno likifika kwangu limefika mwisho. Asubuhi yote nilikuwa najikumbusha kwamba yuko. Hapa nilisahau."

"Ulisahau?" Nilisimama sijui kwa nguvu gani. "Ulisahau nini, Luhende? Shimo hukulisahau! Shimo umelikumbuka, umelikwepa vizuri kabisa, huna hata tone la tope. Uliyemsahau ni mimi. Haya, hilo la kwanza ni mazoea. Je, hili la pili? Hapa wananiita mlalaji, wananipakia kwenye lori, na wewe unanifunga kitambaa! Nani amekutuma kitambaa? Nilitaka neno moja tu. Neno moja! Linauzwa?"

Lori likafika, likasimama, maana tulikuwa tumeziba njia. Juu ya magunia walikaa wanawake wa gulio, wauza karanga na mpunga, kama saba hivi. Wakaegemea wote kusikiliza. Dereva naye akazima injini, nani aache ugomvi upite?

Mzee Mayunga akaona aibu ya kusikilizwa, akashusha sauti. "Nkwimba, yamekwisha. Ni bahati mbaya. Luhende hakukuchimbia shimo."

Hapo ndipo ilipotoka. Sikuitafuta. Nilitema damu, nikasema kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia:

"Amenichimbia! Shimo ulilokwepa kimya, umemchimbia wa nyuma!"

Juu ya magunia mwanamke mmoja akapiga kofi pajani. "Eeeh! Mwambie, mama! Sema tena!" Mwingine akairudia, mwingine akaidaka, na nawaambia, kabla lori lile halijafika Nzega maneno yale yalikuwa ya kwao. Waliyashusha sokoni pamoja na karanga. Wiki mbili baadaye niliyasikia hapa Shinyanga kwa mtu aliyekuwa akimgombeza shemeji yake, na hakunijua mimi ni nani.

Lakini barua yangu ilikuwa bado haijapona. Baiskeli ilikuwa na gurudumu moja zima, na sharti la mganga lilikuwa kufika. Nikasema, "Mzee, mimi silipandi lori hilo. Nitatembea na baiskeli begani."

Luhende aliigeuza baiskeli yake miguu juu, akatoa spana, akafungua nati, akachomoa gurudumu la mbele. Akaja kwenye yangu, akaondoa lile lililokunjika, akaweka lake. Alilizungusha kuona halisuguani. Kisha akabeba baiskeli yake iliyobaki na ile chapati, akapanda juu ya magunia kati ya wale wanawake. Miaka tisa hakuwahi kuingia Nzega kwa kubebwa. Na wale mama hawakumwacha, walimwimbia methali yake safari nzima.

Kabula, usiniangalie hivyo. Unataka niseme nilimshukuru? Sikumshukuru. Amekufa, Mungu amrehemu, na sijamshukuru hadi leo. Mtu anayekurudishia chako humpigii magoti. Nilikwenda mazishini kwake, nikapika, nikalia, na hasira yangu nilirudi nayo nyumbani.

Tukaondoka. Kidevu kimefungwa, mkono mmoja unashika usukani na mwingine umelazwa tu juu yake. Mzee Mayunga aliongoza. "Shimo kulia!" Neno likaja mkono kwa mkono mpaka kwa Makoye, na Makoye sasa alikuwa ananigeukia mimi mzima mzima, anapiga kelele kama anaita ng'ombe. "SHIMO KULIA!"

Nami nikakwepa, nikapaza sauti, "Shimo kulia!"

Ikawa hivyo mpaka Nzega. Shimo kulia, nasema. Shimo kushoto, nasema. Jiwe, nasema. Kidevu kinachanika upya kila nikifungua mdomo, nasema. Tulipofika, Mzee Mayunga alishuka, akanijia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyekuwa na swali tangu njiani.

"Nkwimba, nyuma yako hakukuwa na mtu. Ulikuwa unamwambia nani?"

Nikamwambia, "Sikugeuka kuangalia, mzee. Na Luhende naye hakugeuka, nami nilikuwepo."

Jioni ile aliomba karatasi kwa mwenye nyumba tuliyolala, akaandika barua, na tulipokwisha kurudi Shinyanga akanipa. Mganga Lugata aliisoma mara mbili. Ilisema nimekwenda na kurudi kwa miguu yangu, na kwamba nilianguka mara moja, na kosa halikuwa langu. Alitaja lilikuwa la nani. Hakuandika bahati mbaya. Nikapewa baiskeli ya zahanati, nikazunguka nayo vijiji miaka ishirini na mitatu.

Kwa hiyo kesho mkiwa kwenye mstari, nani yuko nyuma yenu si kazi yenu kumhesabu. Ninyi semeni. Kwa sababu shimo ulilokwepa kimya, umemchimbia wa nyuma.