Mama Koleo na Sikio la Nguruwe

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla watu hawajaanza kuogopa mdudu asiwaingie masikioni, Mama Koleo aliishi chini ya mgomba ulioanguka. Alikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, na mkiani alikuwa na koleo kama la mhunzi, ila dogo kuliko punje ya mchele.

Nyumbani mwake mlikuwa na mayai. Kila siku aliyalamba moja moja, yasishikwe na ukungu. Alikuwa amekwisha kumtoa mumewe nje, kwani katika ukoo wao baba mwenye njaa haachwi peke yake na mayai.

Asubuhi moja ardhi ilitikisika. Gude! Gude! Fuuu!

"Jirani!" aliita Jongoo kutoka chumba cha pili. "Nguruwe huyo! Kimbia!"

Alikuwa nguruwe mwitu, wala si ngiri, msije mkawachanganya. Nguruwe mwitu hufukua, akala mizizi na kila aliyelala kwenye mizizi.

"Nikimbieje?" alilia Mama Koleo. "Mdomo wangu hubeba yai moja tu. Mengine nimwachie nani? Wewe?"

"Mimi najikunja!" Jongoo akajikunja, akawa kama kifungo cha koti.

Kraa! Paa likapasuka. Pua kubwa, yenye majimaji, ikasimama juu ya mayai.

"Shikamoo, babu," alisema Mama Koleo.

Pua ikasita. "Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi mjukuu wako. Nina habari ya siri."

"Sema kwa nguvu, sikusikii!"

Mama Koleo akapunguza sauti. "Ni habari ya hatari, babu..."

"Ya nini?" Nguruwe akainamisha kichwa.

Akaipunguza tena, ikawa kama pumzi.

"We mtoto, leo hukula? Hebu nisogee!" Nguruwe akalaza sikio lake lenye manyoya pale mlangoni.

Mama Koleo akalitazama shimo lile jeusi. Maishani mwake hakuwahi kuogopa vile. Akadandia manyoya, akabana ukingo wa sikio, kwachu! Akakwaruza kwa miguu yote, kwaru, kwaru, kwaru. Kisha akapiga kelele:

"Dada zangu! Mlango nimeufungua! Ingieni, ubongo ni laini kama uji!"

"Yallaaa! Mama wee! Naliwa!"

Nguruwe akakurupuka, akagonga mgomba, puu! Akatokomea porini akitikisa kichwa.

Mama Koleo alitupwa majanini. Alirudi akichechemea, asijue atakuta nini. Ukwato ulikuwa umeziba mlango kwa udongo. Akafukua. Mayai yote yalikuwapo. Akayalamba, akamaliza, akaanza tena.

"Amekwenda?" Jongoo aliuliza bila kujikunjua.

"Amekwenda."

"Jirani... kweli nyinyi mnakula ubongo?"

Mama Koleo alicheka. Jongoo hakucheka. Kabla ya jua kutua, alikuwa amehama.

Nguruwe naye alieneza habari pote, ikafika hata kwa watu. Mpaka leo, mama akimwona mdudu yule, kwanza humziba mtoto masikio, kisha huvua kiatu.

Wanangu, uongo unaweza kukuokoa siku moja, lakini ukishaaminiwa hutaweza kuurudisha.