Darasa Katikati ya Mtama

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mashamba na majirani kama sisi, serikali ya Mfalme Simba ilimtuma Mwalimu Nungunungu kijijini awafundishe watoto wa wanyonge kusoma. Darasa likajengwa, ubao ukapachikwa ukutani. Watoto hawakuja.

Walikuwa shambani kwa Nyati, tajiri wa kijiji. Mtama wake ulikuwa umeanza kutoa masuke, na wazazi wao, wasio na shamba, walilishwa na ghala lake. Kwa hiyo kila mtoto alikaa peke yake juu ya dungu, akipiga debe kuwafukuza ndege aina ya kwelea tangu alfajiri hadi magharibi.

"Mkaguzi Twiga anakuja baada ya mavuno," Nungunungu alimwambia Mama Digidigi. "Asipokuta mtoto anayejua kusoma, mimi nitahamishwa na darasa litafungwa."

Mama Digidigi alimtazama bintiye kule mbali juu ya dungu. Yeye mwenyewe hakujua hata herufi moja. Asubuhi akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Naona kwelea wanakula."

"Marahaba. Wanakula kwa sababu watoto wenu wanasinzia."

"Hawasinzii, mzee. Debe la mtoto mmoja kwelea wameshalizoea. Wakusanye wote katikati ya shamba, wapige kelele kwa pamoja, na kelele zibadilike kila mara."

"Nani atawabadilishia?"

"Yupo Nungunungu. Sauti anayo, na darasa lake ni tupu."

Nyati akacheka hadi mabega yakatikisika. "Mfanyakazi wa serikali anifukuzie ndege mimi? Mlete."

Kesho yake shamba zima likavuma: "Ba, be, bi, bo, bu!" Kwelea wakaruka, pururuu, kama wingu, wakavuka mto. "Ka, ke, ki, ko, ku!" Waliojaribu kurudi wakageukia hewani.

Nyati alifurahi, hata uji wa watoto ukawa mzito. Siku moja akakuta mistari imechorwa vumbini.

"Na haya makorokoro ni ya nini?"

"Ndiyo yanayowaambia wapige kelele ipi, mzee," akajibu Mama Digidigi, wala hakusema uongo.

"Basi asiyakanyage mtu," Nyati akaonya, akainua kwato zake taratibu.

Mtama ukavunwa. Twiga akaja, kijiji kizima kikakusanyika, Nyati akiwemo. Twiga akateremsha shingo, akampa binti Digidigi kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Binti akalikokota neno la kwanza, la pili akalishika, akaenda hivyo hadi mwisho wa ukurasa. Mtoto wa Pimbi akafuata. Kisha mwingine.

"Mmesomea wapi?" Twiga akauliza. "Darasani mmejaa utando wa buibui."

Nungunungu akamtazama Mama Digidigi. Mama Digidigi akatazama chini.

"Shambani kwangu," Nyati akasema polepole, kama anayeamka. Akamgeukia Mama Digidigi. "Kumbe muda wote huu mimi ndiye niliyekuwa nikiilisha shule."

"Na mtama wako umejaa ghalani, mzee. Umepoteza nini?"

Nyati akafikiri. Wote wakawa wanaziangalia pembe zake. Kisha akasogea, akainama hadi pua ikagusa ukurasa.

"Hii ya mwanzo," akamnong'oneza binti, "inasomekaje?"

Ninaachia hapo, wanangu: mlango usioweza kuuvunja kwa nguvu, mwenyewe ataufungua ukimpa sababu.