Darubini ya Sarahani na Palahala Mweupe

Alitawala Sultani Ghanimu bin Tarishi katika mji wa Jabarshani, uliozungukwa na milima na nyika, na sultani huyo alipenda kuwinda kuliko kula, na katika dola yake ilikuwapo ada isiyovunjwa, kwamba mnyama si wa aliyemchoma mkuki bali ni wa aliyemwona kwanza, na mwenye kumwona huvua kilemba chake akakitundika juu ya mkuki ili watu wote washuhudie.

Mkuu wa wawindaji aliitwa Sarahani, hodari, mwenye cheo na heshima, na hakupungukiwa na kitu mpaka siku Sultani alipomtazama mwindaji mgeni aitwaye Mbaruku, akasema mbele ya baraza, "Kijana huyu ana macho." Basi maneno hayo yalimkwama Sarahani kama mwiba wa samaki kooni, hayamezeki wala hayatemeki. Mbaruku akicheka, Sarahani anaumwa na tumbo. Mbaruku akipewa tende, Sarahani anahesabu kokwa. Hiyo ndiyo husuda, jamani, nami sina huruma nayo hata kidogo.

Ikawa nyayo za palahala mweupe mwenye pembe za lulu, swala mkubwa ambaye hutokea mara moja katika zama za kila sultani na humwendea kwa hiari yake aliyemwona kwanza, zimeonekana bondeni, na Sultani akatangaza kwamba atakayemwona kwanza ataozwa binti yake, Sitti Shamsa, na atakuwa mkuu wa wawindaji. Sarahani alimpenda Shamsa tangu zamani, na sasa mke aliyemtamani na cheo alichokuwa nacho vyote vilikuwa vinaning'inia.

Sultani akawatuma wote wawili kwa Kharishi, jini mtengeneza darubini, aliyefungwa kwa kiapo cha mfalme wa kale asiseme uongo juu ya bidhaa yake, wala asimpe mtu zaidi ya moja. Na kwa kuwa Sarahani ndiye mwenye cheo, haki ya kuchagua kwanza ilikuwa yake.

Jini akazitandaza darubini juu ya zulia. Mbaruku akainua moja ya dhahabu.

"Na hii je, mzee wangu?"

"Huvuta mbali mno, mwanangu," akasema Kharishi, "na chenye kuvuta mbali mno hutetemeka mkononi. Tena dhahabu humeremeta juani, mnyama atakukimbia hujamwona."

Mbaruku akairudisha taratibu, akachukua nyingine nyeusi, isiyo na pambo, yenye vioo vipana mbele na wepesi wa kuvaliwa shingoni kutwa nzima. Hakuielekeza kwenye mnara wa msikiti uliowaka jua kama wafanyavyo wanunuzi wajinga, bali aliielekeza kwenye kiza cha nyuma ya duka, kwa maana wanyama hutoka alfajiri na magharibi, na darubini isiyoona kizani ni pambo la sebuleni. Akaona nyuzi za magunia, na pembeni pa kioo palikuwa safi kama katikati. Uso wake ukachanua.

Sarahani hakuwa ametazama darubini hata moja. Alikuwa akiutazama uso huo. Akaruka, akaipokonya.

"Hii ni yangu!"

"Bwana mkubwa, hata hujaijaribu," akasema Mbaruku.

"Nimekwisha kuona ninachotaka kuona."

"Umepata iliyo bora kuliko zote nilizounda," akasema jini. "Itakuonyesha wazi kila utakachoielekezea. Zaidi ya hapo sina dhamana."

Zilizobaki zilimeremeta kama ile ya dhahabu, basi Mbaruku akaambulia darubini kuukuu, iliyoingia ukungu kioo kimoja.

Alfajiri Sarahani akapanda kilima cha mashariki na Mbaruku kile cha magharibi, na Sultani na binti yake wakaketi hemani. Sarahani akatazama bonde, akaona kila jani na umande wake. Kisha roho ikamtekenya: yule ameona nini? Akageuza darubini, akamwona Mbaruku anafuta kioo kwa pindo la kanzu, akafurahi. Akarudi bondeni, lakini hakutulia. Mbona ameinama? Akageuza tena. Mbona anatabasamu? Akaing'ang'ania darubini pale pale, asiweze kuitoa.

Akauona mkono wa Mbaruku ukivua kilemba. Aliona mshono wa kile kilemba, aliona chozi la furaha shavuni, yote kwa uwazi wa ajabu. Akashusha darubini, na palahala mweupe alikuwa chini ya kilima chake mwenyewe, karibu kiasi cha kumrushia kofia, tayari anageuka kumwendea aliyemwona.

"Ewe Sarahani," akauliza Sultani walipokusanyika hemani, "mnyama alikuwa akila majani miguuni pako. Ulikuwa ukitazama nini?"

Sarahani akainama. "Nilikuwa nikimtazama yeye, maulana."

Shamsa akaozwa Mbaruku, na mji ukala na kunywa mpaka mabakuli yakachoka, na Mbaruku akapewa cheo na mali isiyo kifani, na Sarahani akarudi nyumbani na darubini bora kuliko zote duniani. Nanyi mnaokwenda kununua, chagueni yenye mwanga na wepesi, na kabla hamjatoa fedha jiulizeni kwanza mnataka kumwona nani. Hekaya yangu imekoma hapo, aliyeipenda aichukue.