Shikamoo Ndani ya Filamu

Hapo zamani, si zile za majini bali hizi za kanda za video, binti mmoja aitwaye Zamoyoni alitengeneza filamu yake ya kwanza akaileta kwao Lushoto. Siku hiyo ukumbi ulifurika, watu mpaka madirishani.

Filamu ikaanza. Wachukuzi wanne wanapandisha kabati la bibi harusi mlimani. Wanagombana, wanalitua, mlango unafunguka wenyewe, anatoka kuku! Ukumbi ukaangua kicheko.

Tunu, fundi cherehani, akasimama.

"Simamisheni! Hii niliiona utotoni. Lilikuwa sanduku, akatoka mbuzi. Wachukuzi wanne, mlima huohuo!"

"Kumbe kaiba!" watu wakaguna.

Machozi yakamlenga Zamoyoni. "Sikuiba, dada. Nami niliiona nikiwa mdogo, nikaipenda. Nilikuwa namwamkia aliyeitengeneza. Hiyo ndiyo shikamoo yangu."

"Ni nani huyo?"

"Simjui."

Athumani, fundi redio, akatoka mbio. Akarudi anahema, kwapani deki ya kuchezea video, mkononi kanda yenye vumbi. Wakaicheza. Lahaula! Sanduku, mlima, wachukuzi wanne. Wa mwisho anajikwaa mara tatu, na kwa Zamoyoni vilevile mara tatu. Mbuzi akatoka, ukumbi ukacheka upya. Mwishoni likatokea jina: Shekiondo.

Nyuma kabisa, mzee muuza matunda akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Kumbe ndiye Shekiondo! Miaka thelathini aliwauzia matunda, wakimwita mzee tu, wala hawakujua kama aliwahi kushika kamera. Wakambeba juujuu, vigelegele vikapasua paa.

Aliposhushwa, akaagiza kamera yake iletwe kutoka nyumbani. "Nampa aliyenirudisha kwa watu."

Tunu akasema, "Basi ni yangu. Nisingesimama, watu wangecheka wakaenda zao. Shikamoo isiyosikika huitikiwa na nani?"

Athumani akasema, "Ni yangu. Nani angeamini kumbukumbu ya mtoto? Kanda hii mke wangu kaitupa mara mbili, mara mbili nimeiokota."

Zamoyoni akasema, "Mmoja kaona, mmoja katunza. Lakini bila filamu yangu, leo wangekumbuka nini?"

Mzee Shekiondo akawatazama, macho yanacheka. "Wewe Tunu, ulisimama kushtaki. Wewe Athumani, uliifungia miaka yote, hukumwonyesha mtu. Nawe Zamoyoni, uliniamkia bila kuniulizia jina!"

Ukumbi mzima hoi kwa kicheko, hata washtakiwa wenyewe. Kisha kamera ikaletwa. Mzee kashika kamera kwa mikono miwili, na watatu wote wamenyoosha yao.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiniachie mimi. Aliyeona, aliyetunza na aliyeamkia: je, nani alistahili?