Moshi wa Mhako

Mchunguza moshi wa jirani, moto wake humfia.

Vijana mmeisikia leo ikitumika kumfukuza mtu dirishani kwa watu, mkauliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na haikuanzia kwenye baraza la wenye hekima. Ilianzia kichakani.

Palikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana. Kirongwe, kilimani, wanawake walifinyanga vyungu. Mhako, bondeni, watu walichuja maji ya udongo wa chumvi na kuyachemsha mpaka chumvi ikabaki. Bei ya chungu ilikuwa ujazo wake: Mhako walikijaza chumvi, mfinyanzi akaimimina kikapuni na kwenda zake, chungu kikabaki kwao. Hakuna aliyeweza kuishi bila mwenzake, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyemwamini mwenzake. Kirongwe walisema Mhako hawajazi mpaka ukingoni. Mhako walisema vyungu vya Kirongwe vinazidi kunenepa tumbo kila mwaka.

Huko Kirongwe aliishi Naetwe, mfinyanzi hodari, mwenye kipaji cha pili cha kushuku. Kuku akitaga mapema, Naetwe alitaka kujua ametumwa na nani. Binti yake, Mbazi, alikuwa ameposwa na Mzee Kajiru wa Mhako kwa ajili ya mwanawe. Kwa mila ya Kirongwe, bibi arusi hatoki kwao bila vyungu vilivyochomwa na mama yake: cha maji, cha ugali na cha pombe. Mvua za masika zilikuwa zinanukia. Zikitangulia, udongo haukauki tena mpaka kiangazi, na arusi hungoja.

Kwenye gulio lililopita, Mhako walichukua vyungu viwili tu. Na asubuhi ya kuchoma, Naetwe alipokwisha kupanga vyungu, kuvifunika kwa samadi na majani makavu, na kuwasha, aliona moshi ukipanda Mhako. Ilikuwa siku yao ya mapumziko, siku ambayo hawachemshi chumvi.

Akamgeukia binti yake. "Umewafundisha."

"Nani, mama?"

"Hao wakwe zako. Wanachoma vyungu vyao."

"Mama, mimi hata chungu changu mwenyewe hakijawahi kusimama."

"Mtu aliyefundisha ndivyo anavyojibu. Ondoka hapa. Usiusogelee moto huu hata kwa kuupuliza."

Moto wa vyungu hauachwi. Majani yakipungua, huongezwa. Upepo ukifunua upande, hufunikwa. Naetwe aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini moshi wa Mhako ulimwasha moyoni kuliko wake. Akajifunga kanga, akashuka hadi kichaka cha mpakani, akaingia kwa kutambaa.

Kichakani akagusa mguu wa mtu.

Ulikuwa wa Mzee Kajiru, amelala kifudifudi, akichungulia kilimani. Sasa, kwa watu wale, wakwe hawakutani bila kupelekeana taarifa, tena hawaamkiani ila wamepeana migongo. Basi wakageuka kwa heshima zote, humo humo miibani.

"Habari za nyumbani, mkwe," alisema Naetwe.

"Njema, mkwe. Natafuta mbuzi."

"Pole. Mimi naokota kuni."

"Kwa kutambaa?"

"Huyo mbuzi wenu anatafutwa kwa tumbo?"

Kajiru akashindwa kujizuia. "Mkwe, kule kwenu mnachemsha nini?"

"Nachoma vyungu vya mwanangu. Nyinyi ndio mseme mnachoma nini siku ya mapumziko."

"Chumvi. Mawingu hayana siku ya mapumziko. Mvua iliyopita ilitulowanishia udongo, chumvi ikatuishia. Unataka wageni wa arusi wale mboga chapwa?"

"Ndiyo maana vyungu viwili?"

"Tungevijaza nini? Na wanawake wenu hata hawakutubembeleza tuchukue vingine. Nikasema, hawa wamepata chemchemi yao ya chumvi."

"Hatukubembeleza kwa sababu tulikasirika."

Kajiru alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa anatazama kilimani. "Mkwe, moshi wenu umekwenda wapi?"

Naetwe alikuwa anatazama bondeni. "Nilitaka kukuuliza wewe."

Hapo mila ya wakwe ikasahaulika. Kila mmoja alikimbilia kwake. Kajiru alikuta maji ya chumvi yamefurika na kuuzima moto. Naetwe alikuta upepo umefunua vyungu na moto umekufa. Viwili vilikuwa na ufa, cha tatu kibichi. Kabla hajapata jani la kuwashia, mvua ikashuka, chungu kile kikaanza kulegea mikononi mwake na kurudi kuwa udongo.

Mbazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Uliuona ukizimika?" aliuliza mama yake.

"Niliuona tangu ulipoanza kufifia."

"Ukatazama tu?"

"Uliniambia nisiusogelee. Ningeusogelea, ungesema najifunza ili nikawafundishe Mhako."

Arusi ilingoja mpaka kiangazi. Masika yote Mbazi aliketi na posa yake, na kila mgeni aliyeuliza kwa nini hajaenda kwa mumewe, aliambiwa na Naetwe mwenyewe, bila kuinua macho:

"Mchunguza moshi wa jirani, moto wake humfia."