Pikipiki Aliyoweza Kuiinua Peke Yake

Wapendwa, kabla hatujaendelea na somo, nataka niwapeleke kwenye duka la pikipiki. Najua wengi mkisikia pikipiki mnafikiria bodaboda ya kukufikisha sokoni. Siyo hizo. Duka hili linauza yale mapikipiki ya safari ndefu, yenye tangi kubwa na masanduku ya mizigo pembeni, yale ambayo mtu akipita nayo barabara ya Mbeya unageuza shingo kumtazama mpaka apotee.

Basi, akaingia mama mmoja. Alikuwa mstaafu. Zamani alikuwa daktari wa mifugo huko milimani, na ujana wake wote aliumalizia juu ya pikipiki ya kazini. Ng'ombe ameshindwa kuzaa kijiji hiki, anakwenda. Mbuzi wanakohoa kijiji kile, anakwenda. Mvua, ukungu, tope jekundu, yeye anapita tu. Kisha akaanguka siku moja, akaacha, na miaka ikapita hajashika klachi. Mume akafariki. Watoto wakaoa na kuolewa mbali. Nyumba ikawa na vyumba vingi kuliko watu, na asubuhi moja, akiwa amesimama jikoni na kikombe chake cha chai, akajisikia anasema kwa sauti, wala hapakuwa na wa kumsikia: "Nataka kwenda."

Kwenda wapi? Kupanda Kitulo wakati wa maua. Kushuka Mbeya, kuendelea hadi Sumbawanga, na kutoka huko mpaka aione Tanganyika kwa macho yake, maana ziwa hilo alilijua kwenye ramani ya darasani tu.

Aliingia dukani akiwa na blanketi kwapani. Blanketi kuukuu, la kijivu, limekunjwa vizuri.

"Shikamoo, mama. Karibu sana," alisema muuzaji, kijana mmoja mchangamfu. "Unamtafutia mwanao?"

"Marahaba. Najitafutia mwenyewe."

"Hongera! Umeshawahi kuendesha?"

"Kabla wewe hujaota meno."

Muuzaji akacheka, akaona leo amepata mtu. Akampeleka moja kwa moja kwenye pikipiki moja ya buluu iliyosimama karibu na dirisha. "Hii, mama, unajaza tangi Iringa, unafika Tunduma. Lori likikupita, haiyumbi. Upepo huo wa Makambako utausikia kwenye redio tu."

Mama akapanda. Nyayo zote mbili zikagusa sakafu. Mikono ikaenda yenyewe inapopaswa kwenda, vidole viwili juu ya klachi, viwili juu ya breki, kama hakuwahi kuacha. Kiti kilimpokea. Akafumba macho, na kwa muda mfupi hakuwa dukani kabisa. Alikuwa kwenye kona ya barabara yenye maua pande zote.

Akafumbua macho. Akashuka. Akatandika lile blanketi sakafuni.

"Unataka kukaa, mama? Ngoja nikuletee kiti."

"Sitaki kukaa. Nataka tuilaze."

"Tumlaze nani?"

"Pikipiki. Ubavu wake uje hapa juu ya blanketi, isichubuke."

Muuzaji akatazama mlangoni kama anayetafuta shahidi. "Mama yangu, watu wakija hapa wanaomba kuiwasha. Wanaomba kuizungusha uwanjani. Wewe unaomba kuiangusha? Hii ni mali, siyo beberu wa kulazwa achinjwe!"

"Mwanangu, mimi nimelaza mafahali wenye hasira. Hii haina hata pembe. Shika huko."

Wakailaza taratibu. Mama akamwambia asogee mbali. Akaigeuzia mgongo, akachuchumaa, makalio yake yakiegemea kiti cha pikipiki, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha kubebea mizigo. Akasukuma kwa miguu, akirudi kinyumenyume. Pikipiki ikapanda kiasi cha shubiri, ikagoma. Akajaribu tena. Viatu vikateleza, mishipa ya shingo ikamtoka. Muuzaji hakuweza kuvumilia, akanyoosha mkono.

"Toa mkono."

"Nakusaidia kidogo tu, mama."

"Toa mkono wako, mwanangu."

Sasa ninyi mnajiuliza: mama huyu ana nini? Nitawaambia.

Siku ile aliyoanguka, miaka hiyo ya nyuma, aliangukia bondeni. Pikipiki ikamlalia mguu. Ukungu ulikuwa mzito, haoni hata mkoba wake wa dawa ulipoangukia. Akaita. Akasikia watu wanapita barabara ya juu, wanatoka mnadani, wanacheka, mmoja anaimba. Akaita tena kwa nguvu zake zote. Kile kicheko kikapita juu ya kichwa chake, kikaenda, kikaisha. Hawakuwa watu wabaya. Hawakusikia. Lakini aliyelaliwa na chuma bondeni hajui tofauti kati ya mtu ambaye hakusikia na mtu ambaye hakujali. Alilala pale hadi ukungu ulipofunguka na mchunga ng'ombe akamwona.

Mguu ulipona. Ila kuna kitu kiliganda ndani yake pale chini, nacho ni neno hili: sitamwita mtu tena. Wafanyakazi wenzake walipokuja kumwona hospitalini, alisema, "Nimepona, msijisumbue." Mume wake alipougua, majirani walipiga hodi, akasema, "Tunaendelea vizuri." Baada ya mazishi, kina mama wa jumuiya wakataka kulala kwake siku chache. Akawashukuru sana, akawasindikiza mpaka getini. Na watu, wapendwa, ukiwasindikiza getini mara tatu, mara ya nne hawaji.

Kwa hiyo pale dukani hakuwa anachagua kama wanavyochagua wengine. Hakuuliza mwendo. Hakuuliza taa. Alikwenda kutoka pikipiki moja hadi nyingine na blanketi lake, wakailaza, akajaribu, wakailaza, akajaribu, muuzaji akiwa amelowa jasho kuliko yeye. Mwishowe wakafika kwenye kadogo kamoja kekundu, kamesimama kwenye kona. Kiti chake chembamba. Hakana kioo cha kuzuia upepo. Mama akachuchumaa, akasukuma, kakasimama.

"Hii," akasema.

Muuzaji akafuta uso. "Mama, biashara ni biashara, lakini siwezi kukuficha. Hii kwa safari yako itakuchosha. Kila lori litakuyumbisha. Ile ya buluu uliipenda, nilikuona. Sasa kwa nini?"

"Ile ikianguka siiwezi."

"Ikianguka, si watu watakuja?"

Mama alikuwa anakunja blanketi lake, kona kwa kona. Hakunyanyua kichwa.

"Watu gani?"

Kijana akaenda kuleta karatasi za mauzo.

Mmesikia? Hakununua pikipiki ya kwenda. Alinunua pikipiki ya kuanguka.

Akasafiri. Na kweli, upepo ulimpiga kifuani, malori yalimyumbisha, kiti kikamtoboa. Alivumilia, maana kuvumilia alikujua. Alilala nyumba za wageni, akila chakula chake huku amegeukia ukuta. Akapanda kuelekea Kitulo. Ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja, akienda polepole tu, gurudumu la mbele likateleza kwenye kifusi kilicholowa, na yeye na kale kekundu wakaenda chini, huyu kwenye nyasi, kale barabarani.

Akajipapasa. Hakuumia. Akainuka, akakaendea. Akahakikisha kako ndani ya gia ili kasirudi nyuma. Akageuza mgongo, akachuchumaa, akasukuma. Kakasimama, mara moja tu, kama dukani. Akashusha stendi, akafuta mikono kwenye suruali, na moyo wake ukasema: unaona? Sikumhitaji mtu.

Kisha akanyanyua macho.

Juu ya barabara kulikuwa na mteremko wenye shamba la viazi. Na katika mteremko ule kulikuwa na watu. Mbele mwanamke amejifunga kitenge, jembe bado liko mkononi, nyuma yake wanaume wawili. Walikuwa wanakimbia. Walikuwa wanashuka mbio, wakirukaruka matuta, wanakuja kwake. Walikuwa wameshafika katikati.

Walipoona pikipiki imesimama, wakasimama na wao.

Mwanamke akapunga mkono kutoka mbali, kama kuuliza: salama? Na mkono wa mama, bila kumwomba ruhusa, ukapanda wenyewe ukajibu: salama.

Basi wakageuka. Wakaanza kupanda kurudi kwenye viazi vyao, taratibu, kama watu wasio na sababu ya kuharakisha.

Wapendwa, hebu mwoneni mama huyo. Amesimama barabarani, pikipiki yake imesimama, hakuna kilichovunjika. Anatazama migongo mitatu inayokwenda. Miaka yote hii alikuwa akisubiri kitu kimoja, kusikia miguu inayokuja mbio. Leo imekuja. Na ameirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Akataka kuita. Sauti haikutoka. Ilikuwa na kutu. Mtu akikaa muda mrefu bila kuita, koo husahau njia.

Mnajua alifanya nini?

Akapandisha stendi. Akashika usukani na kile chuma cha nyuma. Na polepole, kama alivyokuwa akilaza ng'ombe mgonjwa, akailaza pikipiki yake chini barabarani. Hakutandika blanketi. Ikachubuka. Akakaa kwenye nyasi kando yake, akashika magoti, akasubiri.

Mwanaume mmoja akageuka. Akamgusa mwenzake. Wakashuka tena wote watatu, na safari hii hawakusimama katikati.

"Kulikoni tena, mama?" aliuliza mwanamke, akihema. "Si ulikuwa umeshaiinua?"

"Nimeilaza."

"Umeilaza? Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ili iweje?"

Mama akatazama chini. Akang'oa jani, akang'oa lingine. "Nilitaka mje," akasema.

Wanaume wakatazamana, mmoja akaanza kucheka, mwanamke akamkata jicho akanyamaza. Mwanamke akaangalia ile pikipiki. Akaangalia uso wa mama, kwa muda. Kisha akaweka jembe lake chini.

"Haya, shikeni huko, mmesimama kama nguzo za umeme! Inueni. Na wewe, mama, kaa hapohapo, leo hugusi kitu. Kuna viazi kwenye majivu huko juu, tulikuwa tunavifukua. Pole sana. Tangu lini uko njiani peke yako?"

Na mama akajaribu kumjibu tangu lini, akashindwa, akalia.

Hapo ndipo ninapomwacha, maana sasa nataka kuzungumza na sisi.

Ni nani kati yetu aliyekuja ibadani leo na pikipiki yake ameshaiinua? Umeamka, umejipangusa tope, umepiga pasi, umeketi kwenye benchi. Jirani akakuuliza habari za nyumbani, ukasema "nzuri tu" kabla hajamaliza kuuliza. Tunapotangaza hapa kwamba mwenye hitaji la kuombewa asimame, tunatazamana tukitabasamu, na hakuna anayesimama. Je, ni kwamba hatujaanguka? Au tumechagua maisha madogo, imani ndogo na urafiki mdogo, ilimradi vyote viwe vyepesi kiasi cha kuviinua peke yetu, na ile ya buluu tukaiacha dirishani? Kisha usiku tunamlalamikia Mungu kwamba hakutuma mtu. Alituma. Walikuwa katikati ya mteremko. Tuliwapungia mkono.

Na sisi wengine tulio shambani, mbona tunageuka upesi hivyo? Tangu lini mtu kusimama ikawa dalili kwamba yuko mzima? Yule mwanamke angeteremka hatua chache tu zaidi, angeona nyasi kwenye nywele za mgeni. Shuka mpaka chini, ndugu yangu. Mwone usoni. Akisema salama, muulize mara ya pili.

Muda si mrefu tutatoka kwa mlango ule, na kuna mtu atakushika mkono akuulize, "Hujambo? Za nyumbani?" Nakuomba jambo moja tu, wewe unayejijua. Usimjibu upesi. Mahali hapa panatosha, na watu wako karibu.

Ilaze.